Nafasi ya 8, kisha ya 15: je, takwimu zilishaliona anguko la Manchester United?

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Naandika kutoka Mwanza, mimi ni shabiki wa Manchester United. Msimu wa 2023/24 tulimaliza nafasi ya 8 na Kombe la FA tukabeba, hapa kijiweni tukaambizana si haba. Msimu uliofuata tukaangukia nafasi ya 15. Watani wetu wa Arsenal wanasema timu ilishakufa zamani, ila ilikuwa inabebwa na bahati ya dakika za nyongeza. Je, takwimu zinaweza kumaliza ubishi huu? Niangalie ipi: umiliki wa mpira, mashuti, au hiyo xG? Na hesabu hizo naweza kuzitumia kwa ligi yetu ya hapa nyumbani?"

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Takwimu zinaweza, na kwa sehemu kubwa utahitaji kalamu na karatasi tu. Watani wako hawako mbali na ukweli, lakini sababu waliyoitaja siyo.

Tuiache xG (mabao tarajiwa, nitaieleza mbele) kwanza. Chukua msimamo wa mwisho wa 2023/24 na utazame ile safu ambayo wengi huikumbuka pale tu timu mbili zinapolingana pointi: tofauti ya mabao. United walishinda mechi 18, sare 6, wakafungwa 14. Mabao ya kufunga 57, ya kufungwa 58. Tofauti ni −1, pointi 60. Juu yao, nafasi ya 7, kuna Newcastle wenye pointi 60 hizo hizo lakini tofauti ya mabao ya +23. Sasa shuka hadi nafasi ya 10, kwa Crystal Palace. Wamefunga 57, wamefungwa 58. Namba zile zile kabisa! Lakini Palace wana pointi 49.

Ongeza na Tottenham ya 2024/25: wamefunga 64, wamefungwa 65, tofauti −1 tena. Walimaliza na pointi 38, nafasi ya 17, mguu mmoja ukiwa umeshachungulia daraja la chini. Timu tatu zenye tofauti moja ya mabao, na pointi 60, 49 na 38. (Huo mpishano wa pointi 11 umetokea tu, usiutafutie maana.) Hapo ndipo kazi ya takwimu inapoanza. Pointi zinatuambia kilichotokea. Tofauti ya mabao inatuambia, kwa uaminifu zaidi, timu ilikuwa na uwezo gani, kwa sababu bao la nne linahesabiwa kwenye mabao ingawa kwenye pointi halihesabiwi.

Kanuni ninayoitumia kwa Ligi Kuu ya England ni nyepesi. Katika ligi ya timu 20 na mechi 38, timu ya katikati hupata pointi kama 52. Kutoka hapo, kila mabao matatu ya tofauti yana thamani ya pointi mbili, kwenda juu au kushuka chini. Ijaribu kwa Liverpool ya 2023/24: tofauti +45, yaani pointi 30 juu ya 52, jumla 82. Walimaliza na 82. Manchester City walikuwa na +62, kanuni inawapa 93, wakapata 91. Arsenal walikuwa na +62 vilevile na wakapata 89. Palace wanastahili 51, wakapata 49. Mkiani kabisa kanuni huharibika: Sheffield United waliofungwa mabao 104 inawapa pointi 6 wakati walipata 16. Lakini kwa timu zinazobishaniwa vijiweni inatosha. Mimi tofauti ya pointi nne au tano kati ya kanuni na msimamo huwa siijali. Ikifika nane au tisa ndipo nafungua matokeo ya mechi moja moja.

Tuipitishe United humo kwa misimu mitatu. Mwaka 2022/23, msimu wa kwanza wa kocha Erik ten Hag, walimaliza wa 3 kwa pointi 75, mabao 58 kwa 43. Tofauti ni +15, na kanuni inawapa 62. Yaani walikuwa na pointi 13 zaidi ya uwezo ulioonekana kwenye mabao. Msimu ule hata Brighton, waliomaliza wa 6, walikuwa na tofauti nzuri kuliko wao. Mwaka 2023/24 kanuni inawapa 51, wakapata 60. Mwaka 2024/25 walifunga 44, wakafungwa 54, kanuni inawapa 45, wakapata 42.

Soma safu hizo mbili sambamba. Kwenye msimamo: 75, 60, 42. Kwenye kanuni: 62, 51, 45. Safu ya kwanza ni ya timu inayoporomoka kutoka ghorofani. Ya pili ni ya timu ya daraja la kati iliyokuwa inashuka polepole, na hatua yake kubwa ya kushuka ilikuwa ya kwanza, ile ambayo kijiweni kwenu mliipokea kwa "si haba". Hatua ya pili, iliyowaliza, ilikuwa ndogo zaidi kwa upande wa uwezo. Kilichofanya ionekane kubwa ni kwamba ile ziada ya pointi 9 iliisha.

Sasa tutafute ziada hiyo ilitoka wapi. Nimepanga mechi zote 38 za 2023/24 kwa ukubwa wa ushindi. Katika ushindi 18, mara 13 United walishinda kwa tofauti ya bao moja tu: Wolves 1-0, Nottingham Forest 3-2, Burnley 1-0, Brentford 2-1, Sheffield United 2-1, Fulham 1-0, Luton 1-0, Chelsea 2-1, Aston Villa 3-2, Wolves tena 4-3, Villa tena 2-1, Luton tena 2-1, Newcastle 3-2. Mechi walizopoteza kwa bao moja zilikuwa 6. Kwa hiyo kwenye mechi za bao moja: 13 kwa 6. Kwenye mechi zilizoamuliwa kwa mabao mawili au zaidi, hadithi inageuka: walishinda 5, wakapoteza 8, ikiwemo ile 4-0 ya Mei 2024 nyumbani kwa Palace.

Timu kubwa kweli hushinda mechi nyingi kwa mabao mawili, matatu, manne, kisha zile za bao moja hugawana na wengine. Timu inayoshinda kwa bao moja moja lakini ikichapwa inachapwa sana, hiyo inaishi kwa mkopo. Mimi siamini sana kauli ya "timu inajua kushinda kwa shida". Kwa msimu mmoja inawezekana, labda una kipa aliye kwenye kiwango, labda kuna mchezaji anayetulia mguu dakika za presha. Lakini ujuzi ukiwa wa kweli, mwakani unarudi.

Haukurudi. Mwaka 2024/25 mechi za bao moja zilikuwa hivi: walishinda 5, wakapoteza 8. Walizopoteza ni kama ile ya Chelsea ya mwisho wa msimu, 1-0. Wolves, 1-0. Forest, mara mbili. Brentford, 4-3. Geuza kuwa pointi. Mwaka 2023/24 ushindi wa bao moja uliwaletea pointi 39 kati ya 60. Zilizobaki zote, pamoja na sare, ni 21. Mwaka 2024/25 ushindi wa bao moja ulileta 15 tu. Zilizobaki zote ni 27. Nilipoiona hesabu hii niliirudia. Nje ya ushindi wa bao moja, timu ya nafasi ya 15 ilikusanya pointi nyingi kuliko timu ya nafasi ya 8. Anguko lote la pointi 18, na zaidi, limekaa ndani ya mechi ambazo shuti moja kugonga nguzo lingebadilisha kila kitu.

Vipi kuhusu dakika za nyongeza? Hapa ndipo watani wako wanapokosea, na kosa lao ni la kumbukumbu. Kila mtu anakumbuka Scott McTominay akifunga mara mbili baada ya dakika ya 90 dhidi ya Brentford Oktoba 2023, timu ikatoka kwenye kipigo hadi ushindi: pointi 3. Bruno Fernandes dhidi ya Fulham mwezi uliofuata, sare ikawa ushindi: pointi 2. Kobbie Mainoo kwa Wolves Februari 2024 alirudisha tu pointi 2 ambazo Wolves walikuwa wamezichukua kwa kusawazisha ndani ya dakika hizo hizo za nyongeza: pointi 0. Jumla 5. Lakini zipo na za upande wa pili. Arsenal walifunga mawili baada ya dakika 90 Septemba 2023 mechi ikiwa 1-1: United wakapoteza pointi 1. Fulham walishinda Old Trafford kwa bao la Alex Iwobi dakika za nyongeza: pointi 1. Na Stamford Bridge, Aprili 2024, United wanaongoza 3-2 hadi dakika ya 90+10, Cole Palmer akasawazisha kwa penalti kisha akafunga la nne: pointi 3. Jumla 5. Faida halisi ya dakika za nyongeza kwa msimu mzima ni sifuri. Waambie Arsenal waende nyumbani wakajipange upya, hasa kwa kuwa wao wenyewe wamo kwenye hesabu.

Kuna jambo lingine ambalo pointi haziwezi kukuonyesha, na kwangu lina uzito kuliko hili la bahati. Tenganisha mabao ya kufunga na ya kufungwa. Kutoka 2022/23 hadi 2023/24 United walifunga karibu sawa, 58 na 57, lakini waliofungwa 43 wakafungwa 58. Huo ni ugonjwa wa ulinzi. David de Gea alikuwa ameondoka, Lisandro Martínez na Luke Shaw walikaa nje kwa majeraha sehemu kubwa ya msimu. Kutoka 2023/24 hadi 2024/25 mabao ya kufungwa yalipungua hadi 54. Yaliyokatika ni ya kufunga: 57 hadi 44. Huo ni ugonjwa wa ushambuliaji. Rasmus Højlund alitoka mabao 10 ya ligi hadi 4. McTominay, aliyefunga 7 akitokea kiungo, aliuzwa Napoli, akaenda kufunga 12 na kubeba ubingwa wa Italia. Kwa hiyo yule anayesema beki ndizo zilizoizamisha timu 2024/25 anatibu ugonjwa wa mwaka juzi. Kocha alibadilishwa katikati ya msimu, Ten Hag akaondoka Oktoba na Rúben Amorim akaingia Novemba na mfumo wa mabeki watatu, na bado jumla ya mabao ya kufungwa ya msimu haikuzidi ile ya msimu uliotangulia.

Sasa xG, au mabao tarajiwa. Wazo lenyewe si gumu. Kila shuti hupewa uzito kati ya 0 na 1 kwa kutazama maelfu ya mashuti ya zamani yaliyopigwa kutoka mahali kama pale: umbali gani, pembe gani, kwa mguu au kichwa, baada ya krosi au pasi ya kupenyeza. Penalti hupewa kati ya 0.76 na 0.79 kutegemea kampuni inayohesabu, maana karibu penalti tatu kati ya nne huingia. Shuti la mita 30 hupewa kitu kama 0.03. Unajumlisha, unapata mabao ambayo timu ya kawaida ingefunga kwa nafasi zile. Sam Green wa kampuni ya Opta ndiye aliyeipa umaarufu mwaka 2012, na leo iko kwenye runinga zote, mara nyingi ikitumiwa vibaya.

Vibaya kwa maana hii: watu huisoma kwa mechi moja. "Tulikuwa na xG 1.8 kwa 0.9, tumeibiwa." Kwa mechi moja namba hiyo ni picha ya nafasi zilivyokuwa, si hukumu. Timu ikitangulia mapema hurudi nyuma na kumwachia mpinzani mashuti ya mbali, xG ya timu iliyotangulia inashuka bila yenyewe kucheza vibaya. Penalti moja inaongeza karibu 0.8 kwa tukio ambalo pengine lilikuwa mkono tu kwenye krosi isiyo na hatari. Mimi huanza kuiamini ikishapita mechi kumi, na huwa naondoa penalti kwanza. Kwa msimu mzima ndipo inapokuwa na thamani kuliko hata tofauti ya mabao, kwa sababu mabao ni machache na mashuti ni mengi, na kitu kingi hutulia haraka.

Kwa United ya 2023/24 hukuhitaji xG hata ya senti. Wapinzani walipiga zaidi ya mashuti 17 kwa mechi kwa wastani, idadi unayoikuta kwa timu zinazoshuka daraja. Tarehe 30 Machi 2024 Brentford, timu iliyomaliza ya 16, iliwapigia mashuti 31 katika mechi moja, wakatoka 1-1. André Onana alikuwa miongoni mwa makipa waliookoa mashuti mengi zaidi kwenye ligi, jambo ambalo mashabiki walilisoma kama sifa ya kipa na mimi nikalisoma kama taarifa ya msiba kutoka kiungo. Nafasi ya 8 yenye mashuti ya mkiani haikai.

Umiliki wa mpira na idadi ya pasi viache. Vinaeleza namna timu inavyocheza, havielezi ubora wake. Leicester City walichukua ubingwa 2015/16 kwa pointi 81 wakiwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira kidogo zaidi kwenye ligi. Na kwa kuwa tumewataja: walikuwa na tofauti +32, kanuni inawapa 73, na Tottenham waliomaliza wa 3 walikuwa na +34. Msimu uliofuata Leicester walipata pointi 44, Claudio Ranieri akafukuzwa Februari 2017. Haimaanishi ubingwa wao ulikuwa wa uongo, kombe halitolewi tena kabatini. Inamaanisha aliyepanga bajeti ya mwaka uliofuata kwa kutazama pointi 81 alijidanganya.

Hilo linanirudisha kwenye Kombe la FA. United waliwafunga City 2-1 fainali ya Mei 2024, na wiki chache baadaye uongozi ukaamua kubaki na Ten Hag na kumwongezea mkataba. Aliondoka baada ya mechi tisa za ligi. Fainali ni mechi moja. Kama shabiki, ifurahie maisha yako yote. Kama mtathmini, iweke pembeni pamoja na ile fainali ya Europa League ya Bilbao ya Mei 2025 mliyopoteza kwa Tottenham, maana siku hiyo timu zilizomaliza ligi moja katika nafasi ya 15 na ya 17 zilikuwa zinagombea kombe la Ulaya.

Kwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ndiyo, hesabu inahamishika, ila ibadilishe kipimo. Timu ni 16, mechi 30, kwa hiyo anzia pointi kama 41 badala ya 52. Thamani ya bao usiikopi kutoka England, kwa sababu kwetu mabao ni machache na kila moja huwa zito zaidi. Chukua misimamo ya misimu mitatu minne iliyopita utafute mwenyewe mabao mangapi yanalingana na pointi mbili. Utakutana na mambo matamu. Msimu wa 2022/23 Simba walifungwa mechi moja tu na wakapachika mabao mengi kuliko Yanga, bado Yanga wakawa mabingwa kwa pointi 78 dhidi ya 73, kwa kuwa Simba walitoa sare 7 na Yanga 3. Mwaka uliofuata Azam na Simba walilingana kwa pointi 69 na Azam wakachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao. Angalia pia pengo: timu kubwa zikizifunga za chini tano, sita, tofauti yao ya mabao huvimba. Mimi kwa ligi yetu huhesabu bao la nne na kuendelea kwa nusu, kisha nalinganisha.

Ondoa matokeo ya mezani kabla hujaanza, yale mabao matatu ya kupewa hayajapigwa na mtu. Na katikati ya msimu usisome msimamo wenye viporo kama ulivyo; gawanya pointi kwa mechi zilizochezwa, na tofauti ya mabao vivyo hivyo. xG za wazi kwa mechi zetu zote ni shida kuzipata, lakini shuti huhitaji kampuni kulihesabu. Ukienda CCM Kirumba chukua daftari, gawanya ukurasa pande mbili, na kila shuti liandike kama limepigwa ndani ya kumi na nane au nje, penalti uzipe alama yake. Usihesabu kona wala krosi, utachoka bure. Fanya hivyo kwa timu moja, mechi za nyumbani na zile za ugenini zinazoonyeshwa kwenye runinga. Ikifika raundi ya kumi, linganisha mashuti ya ndani ya kumi na nane ya kupiga na ya kupigiwa, kisha nitumie ukurasa wenyewe tuuangalie pamoja.